Mwethya wa Akseli

Nyinyi mnaoingia gereji leo mna bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo: kabla mkono haujaingia ndani ya difu, simu imeshawaonyesha kilichomo. Sisi tuliingiza mkono kwanza, maarifa yakafuata nyuma, na mara nyingine yakafika pamoja na plasta. Siwaonei wivu. Nawaandikia kwa sababu nimestaafu, nimerudi nyumbani Kilungu, na miparachichi ni majirani wazuri lakini haiulizi maswali.

Kazi yangu ilikuwa akseli za nyuma. Watu wakisikia fundi wa magari hufikiria injini. Injini ndiyo hupigwa picha. Akseli hukaa chini na matope, hubeba mzigo wote, na hukumbukwa siku ikivunjika, kama bomba la maji. Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari: akseli ni ile boriti ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Katikati ina uvimbe, na ndani ya uvimbe huo mna difu, zile gia zinazopokea nguvu kutoka kwa injini kupitia gia ndogo iitwayo pinioni, na kuigawa kulia na kushoto. Kutoka hapo vyuma viwili virefu, hafushafti, hupeleka nguvu kwenye kila gurudumu. Basi. Mengine yote ni oili na maombi.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbatha, pale Kabati, nyuma ya maduka ya mbegu. Hakuwa na mashine ya kusikiliza difu. Alikuwa na mwiko wa mke wake uliovunjika kichwa. Gari likiinuliwa na magurudumu yakizunguka, aliweka ncha moja ya mwiko kwenye difu na nyingine sikioni, akafumba macho kama anayesikiliza mahubiri.

"Ikilia ukikanyaga mafuta, mshuku pinioni," alikuwa akisema. "Ikilia muda wote, tafuta beringi. Ikinyamaza kabisa, hakikisha iko hai."

Tulicheka, lakini tulijifunza. Neno lake lingine lilikuwa kwamba difu ni kama mama mkwe: siku unapomsikia akilalamika, ujue alianza kukasirika mwezi uliopita. Mama mkwe wake mwenyewe aliuza ndizi ng'ambo ya barabara na alimsikia vizuri tu. Hakulalamika, na Mbatha alisema hilo ndilo lililomtia hofu.

Mwiko ule niliurithi. Nilikuwa nao mkononi siku Ndunge alipoingia gereji yangu na kiondo begani. Ndani ya kiondo mlikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa leso, kimetokeza nje kama muhogo. Alikifungua juu ya meza yangu. Ilikuwa hafushafti, imekatika katikati, na mahali ilipokatika pamejipinda kama kamba.

"Fundi Nzioka," akasema, "hii ni ya kuzika ama ya kupeleka hosi?"

"Ya kuzika. Ulikuwa unafanya nini nayo?"

"Nilikuwa nakimbia."

Ndunge ni mwalimu wa shule ya msingi kule Tawa. Marehemu baba yake alimwachia gari, saluni ya zamani ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo watu wa Tawa waliliita Kasyoka, jina tunalompa mtoto anayechukua nafasi ya aliyetangulia, kwa sababu kila lilipokufa lilirudi. Baba alimfundisha kuendesha ndani ya gari hilo. Ndunge naye alilitia injini ya gari la mizigo lililopata ajali, injini yenye nguvu kuliko ile ya kwanza, akaingia katika mbio za dragi. Mbio zenyewe ni rahisi kueleza: magari mawili, njia moja iliyonyooka, taa ikiwaka kila mtu anakanyaga, anayefika mwisho kwanza ameshinda. Kasyoka lilipoambiwa liende, injini ilikubali, magurudumu yakakubali, na hafushafti iliyokuwa katikati yao ikakatika. Halikusonga hata urefu wa mbuzi.

Hilo ndilo la kwanza nawaomba mlishike. Ukiongeza nguvu mbele, umeongeza deni nyuma. Gari linaloondoka polepole linaweza kubeba injini kubwa kwa akseli ndogo miaka mingi. Lakini kuondoka kwa ghafla kutoka mahali limesimama ni pigo la nyundo, na nyundo haimpigi mwenye nguvu, inampiga mwembamba.

"Unataka ishinde?" nikamuuliza.

"Nataka ifike. Kushinda ni mambo ya wenye pesa. Ikifika tu mwisho wa mstari, Baba Mdogo ataniachia."

Hapo akanieleza. Baba Mdogo Mulwa ni ndugu mdogo wa marehemu baba yake, mzee wa kanisa, mtu mnene wa sauti nene. Kasyoka lililala katika banda la boma, na Mulwa alilitaka banda hilo kwa ajili ya mbuzi wake. Kila mvua iliponyesha alisimama mlangoni akisema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba viumbe hai vinaloa ili maiti ya chuma ilale pakavu. Gari liliposhindwa kusonga mbele ya watu wote, familia ilikaa. Wakakubaliana hivi: katika mbio zinazofuata, Kasyoka likifika mwisho wa mstari kwa nguvu zake lenyewe, banda ni lake na Mulwa hatalitaja tena. Likishindwa, linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na mbuzi wanaingia.

"Kwani mzee wa kanisa anacheza kamari?" nikauliza.

"Anasema si kamari. Anasema ni agano."

Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwamba sichukui kazi nyingine. Nikaitazama ile hafushafti iliyojipinda. Mke wangu alipouliza jioni nilisema hii si kazi, ni mazishi. Hakuamini.

Sasa sikilizeni jinsi maskini anavyopata akseli nzito. Tajiri huagiza ya kukimbilia, mpya, ikaja kwenye sanduku. Sisi tulikwenda kwa mtu ambaye pikapu lake lilisombwa na maji kwenye kivuko cha mto. Injini ilikuwa imejaa mchanga, lakini akseli ya pikapu huumbwa kubeba magunia, na mchanga haukuwa umeingia ndani. Alitupatia akseli, mimi nikamrekebishia breki za trekta lake. Tatizo ni kwamba akseli ya pikapu ni pana. Ukiiweka kwenye saluni kama ilivyo, tairi zinatokeza nje kama masikio ya punda.

Lakini ukichunguza, difu ya akseli ya namna ile haikai katikati. Imesogea upande mmoja, kwa hiyo hafushafti moja ni fupi na nyingine ndefu. Mwenye pesa atakata ile ndefu na kuipeleka Nairobi ikachongwe meno upya. Sisi tulitafuta hafushafti fupi ya pili kutoka kwa pikapu lingine lililokufa, tukakata mrija wa upande mrefu, tukauchomelea tena ukiwa mfupi. Sasa pande zote mbili zikawa sawa, na upana ukalingana na saluni. Ujanja huo nilifundishwa na Mbatha, naye hakusema aliutoa wapi.

Kuchomelea alifanya Kilonzo, fundi wangu wa moto tangu tukiwa vijana. Kilonzo ana mkono mzuri na subira ndogo. Tulipitisha nondo iliyonyooka ndani ya mirija kutoka mwisho hadi mwisho ili ituongoze, naye akagusa juu, kisha chini, kisha kushoto, kisha kulia, kama mtu anayekaza nati za gurudumu. Ukizungusha moto kwa mkupuo mmoja, chuma hujivuta upande mmoja na akseli inakuwa upinde. Kisha tuliifukia katika mchanga mkavu ipoe polepole. Huku kwetu mito haina maji lakini mchanga inao, basi tuutumie.

Gia nazo nilizipima kwa masizi ya sufuria niliyoyachanganya na grisi. Unapaka meno, unazungusha, unatazama mahali masizi yalipofutika. Alama ikiwa katikati ya jino, gia zinasalimiana kwa heshima. Ikiwa pembeni, zitapigana. Vijana hutumia rangi ya dukani, nayo ni nzuri, lakini masizi hayajawahi kuniambia uongo.

Kilonzo alitaka jambo moja zaidi: kuzichomelea gia ndogo za ndani ya difu zishikane, ili magurudumu yote mawili yavute sawa. Kwa mbio za kunyooka ni dawa ya bei rahisi.

"Na Jumapili?" nikamuuliza.

"Jumapili iko nini?"

"Jumapili mwalimu ataenda kanisani na gari hii. Kuna kona tatu. Kwenye kila kona tairi moja italia kama nguruwe, na siku moja shafti itakatika mbele ya waumini."

Tukaacha difu huru. Kumbukeni hilo, maana litarudi.

Akseli ilisafiri kwenda Tawa juu ya lori la ndengu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuifunga. Na hapa ndipo penye mambo. Akseli hukalia springi kwa vibamba viwili vya chuma vilivyochomelewa kwenye mirija. Kwenye pikapu, springi ziko juu ya akseli, kwa hiyo vibamba viko juu. Kwenye Kasyoka, springi ziko chini ya akseli. Vibamba vilipaswa kukatwa na kuhamishiwa chini. Kazi ndogo, ikiwa kuna stima.

Stima ilipotea Tawa siku hiyohiyo. Transfoma ilikuwa imeungua, na hakuna aliyejua itarudi lini. Mimi nilikuwa nimepanda kuja Kilungu kwa harusi ya mpwa wangu, nikamwacha Kilonzo. Jenereta ya kutosha mashine ya kuchomelea ilikuwa moja tu karibu: ya kanisa, iliyosukuma spika na kinanda. Na aliyetunza ufunguo wake alikuwa Baba Mdogo Mulwa. Hakuna aliyetaka kwenda kumwomba. Ungemwomba vipi mtu akupe moto wa kumshindia?

Nikarudi siku ya tatu, nikakuta akseli imefungwa, magurudumu yako chini, na Kilonzo ameketi juu ya debe anakula muthokoi kwa utulivu wa mtu asiye na dhambi.

"Stima ilirudi?" nikauliza.

"Haijarudi."

"Sasa vibamba ulihamishaje?"

"Mzee, kazi ni akili. Utajionea."

Nilipaswa kulala chini ya gari pale pale. Lakini boma lilikuwa limejaa watu. Ndunge alikuwa amemwita mchungaji aliombee gari kabla ya kujaribiwa, na mchungaji amekuja na kwaya, na kwaya imekuja na viti vya plastiki. Niliinama tu haraka. Nikaona tone la oili chini ya difu. Nikasema moyoni, sili ya kuzuia oili ni mpya, itatulia. Vijana, tone la oili ni barua. Usiliweke mfukoni bila kulisoma.

Mchungaji akaomba. Aliomba vizuri. Aliomba gari hili lisonge mbele, lisonge mbele kwa jina la Bwana, lisitazame nyuma kama mke wa Lutu. Baba Mdogo Mulwa alisema amina kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake. Ndunge akaingia, akawasha, injini ikanguruma, akatia gia ya kwanza, akaachilia klachi.

Kasyoka likarudi nyuma.

Halikurudi kwa aibu. Lilirudi kwa nguvu zote za injini ya gari la mizigo. Kwaya ilitawanyika kama kuku walioona mwewe, viti vikaruka, na gari likasimama lilipoegemea rundo la majani ya mbuzi. Ndunge, ambaye hana hofu, alidhani amekosea gia. Akatia ya pili. Likapanda juu ya majani. Akatia ya kurudi nyuma, likashuka likienda mbele vizuri kabisa, mpaka miguuni pa mchungaji.

Kisha sauti ya Baba Mdogo: "Aiya! Hii sasa iko na gia moja ya kwenda kazini na nne za kukimbia kazi!"

Nililala chini ya gari na suti yangu ya harusi. Kilonzo hakuwa amehamisha vibamba. Alikuwa ameipindua akseli nzima, juu ikawa chini. Vibamba vilivyokuwa juu vikaenda chini vyenyewe, bila moto. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimezifanya pande zote mbili kuwa sawa, iliingia bila kubisha. Ila ukipindua akseli, gia kubwa ya difu inahamia upande wa pili wa pinioni, na kila kitu kinazunguka kinyume. Kile kitundu cha kupumulia, ambacho hukaa juu, kilikuwa sasa chini kikidondosha oili. Ndiyo ile barua.

"Kilonzo," nikaita kutoka chini.

"Naam."

"Ulifikiri kitundu hiki ni cha nini?"

Akainama, akakitazama sana. "Nilifikiri ni cha kumwaga oili ukitaka kubadilisha."

Ilikuwa Alhamisi. Mbio zilikuwa Jumamosi. Aina ile ya akseli difu yake haitoki peke yake ukaigeuza; ni lazima kushusha akseli yote, kuikalisha sawa, kukata vibamba na kuvichomelea upande wa chini. Tulihitaji moto. Kijana mmoja wa kwaya akasema kwani shida iko wapi, mwalimu si akimbie kinyumenyume, gia nne si ziko? Wengine wakaanza kumuunga mkono. Nikawaambia gari linalokimbia kinyumenyume huongozwa na mkia, na sikuja Tawa kumzika mtu. Ndunge alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja kilichobaki kizima. Hakulia. Alikuwa anamtazama Baba Mdogo, aliyekuwa akiokota majani yake.

Kwa asiye Mkamba, mwethya ni kazi ya pamoja. Una matuta ya kuchimba, unawaita watu, kila mmoja anakuja na jembe lake, unawapikia, mnachimba, na siku nyingine wewe unaitwa kwao. Sheria yake haijaandikwa popote: ukiitwa, huulizi kama unampenda mwenye shamba.

Ndunge akainuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda kusimama mbele ya Mulwa kama mtu anayebisha hodi. Nilimfuata kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu. Jambo likitokea napenda kuwa karibu.

"Baba Mdogo, kesho asubuhi nina mwethya."

"Mwethya gani kiangazi hiki? Unachimba nini?"

"Nachimba chini ya Kasyoka. Jeki ya fundi ni fupi."

Mzee akatema kipande cha mswaki. "Na unaniita mimi."

"Nakuita wewe."

"Na jembe."

"Kila mtu anakuja na chombo alicho nacho. Kilicho kwako ni jenereta."

Mulwa akanigeukia. "Fundi, ni wewe umemfundisha hii maneno?"

"Mzee, mimi nafundisha gia peke yake."

"Na ni gia gani umemfundisha, ya nyuma?" Akacheka peke yake, akaacha. Akalitazama gari, juu ya bampa lake majani ya mbuzi yananing'inia kama ndevu. "Ndunge, nikileta hiyo jenereta nimejipiga mwenyewe."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Na nisipoleta, nimeshinda."

"Ndiyo."

"Nimeshinda gari inarudi nyuma." Alisema hivyo polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Hapana. Pale sokoni wataniuliza nilishinda nini. Marehemu ndugu yangu alinipeleka kuoa na hii gari. Ilienda mbele. Mchungaji!"

Mchungaji, aliyekuwa anapangusa viatu, akasema jenereta ichukuliwe, maana yeye mwenyewe hapendi kuacha maombi yakiwa nusu.

Ijumaa walikuja. Nimefanya kazi katika gereji nyingi, lakini sijapata kuona gereji kama ile. Akina mama wa kikundi cha Ndunge walichimba shimo chini ya gari kwa majembe, kingo zimenyooka kama za matuta, wakiimba. Kwaya ilishikilia akseli ikishuka. Baba Mdogo Mulwa alifika na jenereta juu ya mkokoteni wa punda, amevaa gambuti, na jembe begani vilevile, kwa sababu mwethya bila jembe alisema unamfanya mtu ajisikie uchi. Alisimama juu ya kichwa cha Kilonzo muda wote.

"Hapo ni juu ama chini?"

"Chini, Mzee."

"Una hakika? Usinichomee jenereta ya Bwana kwa kubahatisha."

"Nina hakika."

"Alhamisi pia ulikuwa na hakika."

Sijawahi kumwona Kilonzo akichomelea kwa uangalifu vile. Kabla ya jua kugeuka akseli ilikuwa mahali pake, kitundu cha kupumulia juu, oili ndani. Nikainua magurudumu, nikachukua mwiko wa Mbatha, nikasikiliza. Sauti laini, ya chini, kama mtu anayesaga unga chumba cha pili. Nikampa Mulwa mwiko naye asikilize. Akafumba macho.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Inasema nitapoteza banda."

Mbio zilifanyika katika kiwanja cha ndege ndogo ambacho siku nyingi ni malisho, na ndege hutua tu mkubwa akija mazishini. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kujaribu, hauhesabiwi. Kasyoka liliondoka kwa kelele na moshi, na tairi la kulia likazunguka bure papo hapo. Gari likajivuta hatua chache likazima. Watu wakapiga miluzi. Ndunge akarudi ametoa macho.

"Imekatika?"

"Haijakatika. Inateleza." Nikamweleza, na nyinyi nawaeleza: propela, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu ya injini kwenye difu, ikizunguka kwa nguvu huipindua akseli kidogo, gurudumu la kulia likawa jepesi. Difu huru hupeleka nguvu kwa mvivu, yule anayezunguka bure. Ndilo tuliloliacha tulipokataa kuchomelea gia. Dawa ya haraka ni uzito, nyuma, upande wa kulia.

Tukatazama huku na huku. Mawe yangegonga, mchanga haukuwa na gunia. Kisha nikamwona Baba Mdogo Mulwa kando ya kiwanja. Alikuwa amekuja kwa lori, na gunia la ndengu alilotaka kuuza Kabati akirudi. Alikuwa amelikalia.

"Usiniangalie hivyo, Fundi," akasema nikiwa bado mbali. "Mwethya iliisha jana."

Ndunge akasogea. "Baba Mdogo, mwethya inaisha kazi ikiisha."

Waendeshaji walikuwa wanaitwa kwenye mstari. Mulwa akainuka, akajipangusa suruali, na kabla sijashika gunia alikuwa amelishika upande wa pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisukuma mpaka kona ya kulia ya buti na kulifunga kwa kamba ya mbuzi. Alilivuta fundo mara mbili.

Mpinzani wa Ndunge alikuwa kijana kutoka Machakos mwenye gari jipya linalong'aa, akajifanya kupiga miayo. Taa ikawaka. Niliona nyuma ya Kasyoka ikiketi chini, kama ng'ombe anayejiandaa kuinuka, na magurudumu yote mawili yakauma ardhi. Nilisubiri ule mlio. Kila fundi wa akseli anaujua, kama fimbo kavu inayovunjwa gotini. Haukuja. Kijana wa Machakos alifika kwanza, tena mbali, sitawadanganya. Lakini Kasyoka lilitia gia ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikienda mbele, likavuka mstari na kuendelea mpaka kwenye majani ya mwisho wa kiwanja, kwa sababu breki nazo ni somo la siku nyingine.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa ni mzee mnene mwenye gambuti. Alipogundua tunamtazama alijikohoza. "Nilikuwa naangalia ndengu yangu," akasema.

Hakulitaja banda tena. Agano ni agano. Ila miezi michache baadaye, nikiwa hapa Kilungu nimestaafu kweli, simu ikalia.

"Fundi Nzioka, ni Mulwa. Jumamosi niko na mwethya. Najenga banda la mbuzi."

"Mzee, mimi ni mtu wa akseli. Nije na chombo gani?"

"Njoo na masikio. Ndunge ameleta Kasyoka tubebe nguzo, na mimi sitaki ikatike na mali yangu."

Ukiitwa huulizi. Nilikwenda. Tulibeba nguzo kwa trela tangu asubuhi, tukipanda na kushuka, na akseli ile ya pikapu haikutoa hata mguno. Safari ya mwisho ilikuwa ya kuhamisha mbuzi wenyewe. Ndunge kwenye usukani, mimi kando yake, na Baba Mdogo Mulwa kiti cha nyuma pamoja na mbuzi waliokosa nafasi kwenye trela, mwiko wa Mbatha sikioni, ncha nyingine ameibana sakafuni juu ya difu. Tulipoanza kupanda kilima akanigonga bega kwa nguvu.

"Fundi, simamisha! Imeanza kulia!"

Ndunge akasimamisha. Nikageuka, nikachukua mwiko, nikasikiliza kama nilivyofundishwa, macho yamefumbwa, mpaka nikawa na hakika.

"Difu iko sawa, Mzee," nikamwambia. "Huyo ni beberu. Umemkalia mkia."